Nta ya Mama Zamda

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za miezi ile, Tausi alilala kifudifudi juu ya meza ya bati, mgongo wazi, akakwanguliwa.

Kikwangulio kilikuwa kipande cha mti wa mpera kilicholainishwa kwa msasa, maana cha chuma kilikuwa kinamchubua. Daktari Nakiete Mchomvu alianzia shingoni, akashuka nacho taratibu kando ya uti wa mgongo, na kila kilipopita kiliacha njia ya ngozi yenye rangi ya binadamu katikati ya ukoko wa manjano. Ukoko wenyewe ulijikunja mbele ya kile kijiti kama utando wa maziwa yaliyochemka. Daktari akaupangusia kwenye bakuli, akarudi juu, akaanza njia ya pili. Redio ilikuwa inapiga taarabu, naye alikuwa anaifuatisha kwa mluzi.

"Leo umejitahidi, dada Tausi," alisema. "Huku makwapani kumejaa kweli kweli."

Utamjibu nini mtu anayekusifia makwapa?

"Inua mkono kidogo. Hapo hapo, usishushe."

Kukwanguliwa angekuvumilia. Harufu ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa harufu ya maziwa mgando yaliyosahauliwa mtungini, na nyuma yake uvundo wa maji ya korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, ambao kila aliyekulia mashambani Kwembasha anaujua hata akiwa usingizini. Zamani uvundo huo ulikaa mtoni, ukaua samaki wake, ukaishia huko. Sasa ulikuwa unatoka kwenye vinyweleo vya Tausi. Jana jioni alioga maji ya moto, akajisugua kwa dodoki mpaka damu ikachuruzika, na kulipopambazuka nta ilikuwa imerudi, laini, yenye joto, imegandisha shuka mgongoni.

Daktari alimalizia nyuma ya masikio, mahali ambapo nta hutoka nyeupe. Akaiinua kwenye ncha ya kijiti, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Halafu, akili yake ikiwa kwingine kabisa, akailamba.

"Safi," alisema, akaandika uzito wa bakuli daftarini.

Tausi akageuzia uso ukutani.

*

Ukitaka kumlaumu mtu kwa balaa hili, utaanza na njaa. Miaka ile ya ukame mkubwa watu waligawiwa mafuta ya kopo, yaliyopikwa maabara haraka haraka, na yaliwaokoa kweli. Ila yaliacha tabia mbaya ndani ya maini yao. Ini la mtu aliyeyala lilianza kutengeneza lehemu, yale mafuta mazito ya damuni, bila kujua kuacha, na mishipa ikaziba kama bomba la sinki. Watu wa makamo walianguka shambani, wakaanguka msikitini, wakaanguka na kikombe cha chai mkononi.

Dawa ilijulikana tangu zamani. Mimea nayo ina kitu kinachofanana sana na lehemu yetu, wataalamu wanakiita steroli. Mtu akikila, kinawahi kukaa kwenye viti vyote vya utumbo, na lehemu ikifika inakuta pamejaa, inatoka na choo. Shida ni kwamba mahindi na ufuta hutoa steroli kiduchu, ungekamua mashamba ya nchi nzima utibu wilaya moja. Kwa hiyo wataalamu wakaichukua hamira, hii hii ya maandazi, wakazibadilisha chembe zake za urithi, wakaifundisha kula makapi ya mkonge na kutoa steroli. Ikawekwa kwenye matangi marefu pale Kwembasha, na kilichotoka kikaitwa siagi ya moyo. Kipande cha ukubwa wa punje ya harage kila siku, na mtu anaishi.

Lakini watu wa bonde lile wana mambo yao. Kwao mpika boha, ile pombe ya miwa, ni lazima aonje yeye wa kwanza mbele ya macho ya wageni. Wanaita kuondoa uchawi. Asipoonja, hakuna atakayegusa kata. Kiwanda kilipofunguliwa, vibarua walikataa katakata kuingia chumba cha matangi, kitu gani hicho kinachochemka bila moto? Tausi, mkuu wa zamu, mjukuu wa mpika boha, akaona jambo hilo halina uzito. Akachota kijiko cha mbegu ya hamira, ile hai, akaimeza mbele yao. Vibarua wakapiga vigelegele. Wataalamu wakacheka, wakapiga picha, wakazibandika mjini kwenye matangazo. Tangu siku hiyo halikufunguliwa tangi jipya bila Tausi kumeza kijiko chake, hata miaka ile aliyokuwa ananyonyesha.

Ndipo kikaja kirusi kinachokula hamira. Tangi moja baada ya jingine likageuka ute wa kijivu unaonuka kama kidonda. Viwanda vingine navyo vikafa. Akiba ya kwenye barafu ilipoyeyushwa ikakutwa imekwisha kuoza. Na wiki hizo hizo Tausi akaanza kuamka na shuka limemgandia. Ile hamira aliyoimeza miaka yote ilikuwa imejenga nyumba tumboni mwake, mahali ambapo kirusi hakifiki, na steroli ilipozidi ndani ikatafuta njia ya nje. Walijaribu kuitoa na kuirudisha matangini, ikafa. Walijaribu kuwamezesha vibarua wengine, wakaharisha mpaka wakalazwa.

Basi akabaki yeye. Mwanamke mmoja ndiye tangi la wilaya nzima, na wanaokula hawaambiwi kitu.

*

"Hii ya siku hizi ina ladha," alisema Mbaruku, mumewe, siku hiyo hiyo saa ya chai. "Ile ya zamani ilikuwa kama unatafuna mshumaa. Hii ina chumvi kwa mbali, au siyo?"

Aliipaka kwenye muhogo wa kuchemsha, akaisambaza kwa kidole cha shahada, akakilamba kidole mpaka kwenye fundo. Mbaruku alikuwa fundi wa korona, mwembamba, mpole, mtu asiyewahi kupandisha sauti ndani ya nyumba yake. Matangi yalipokufa na siagi ikakatika, alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Sasa alikuwa na shamba la maharage analolilima mwenyewe, na mashavu yake yalikuwa yamerudi.

"Onja basi, mama Zamda. Kidogo tu."

"Nimeshakula kazini."

"Kila siku umeshakula kazini." Akacheka. "Na usiku unalala godoro la peke yako. Nimekukosea nini?"

"Joto tu, baba Zamda. Umri huu una joto."

Kipande kilichobaki kilikuwa kwenye ukingo wa sahani, na ndani yake Tausi aliona kitu chembamba cheusi. Unywele. Wake, wa kisogoni. Mbaruku akauona naye, akauvuta kwa kucha mbili, akauweka pembeni bila neno kama afanyavyo mtu mstaarabu, akala kilichobaki.

Tausi alitoka kwa mlango wa uani, akaenda mpaka nyuma ya migomba, akatapika. Akatapika mpaka hakuna kitu, na hata juu ya kile kilichotoka lilielea tabaka la manjano. Akasimama ameshika mgomba, akijichukia, na akimchukia kidogo, Mungu amsamehe, hata yule mume aliyekuwa ndani anaimba huku anaosha sahani.

*

Angeendelea hivyo. Ukweli ndio huo, angevumilia kuwa ng'ombe wa kukamuliwa mpaka kaburini, maana kila alipomwona Mbaruku ameshika jembe alisema moyoni, haya, kesho tena. Kilichovunja subira yake alikikuta ofisini kwa Daktari Nakiete juma lililofuata. Binti yake Zamda alikuwa amekaa pale, fundi wa paneli za jua, msichana wa miaka ishirini mwenye ngozi kavu safi na mikono yenye alama za nyaya.

"Mama, keti," alisema Zamda. "Daktari amenieleza kila kitu."

"Amekueleza nini?"

Daktari akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumchefua Tausi. Baba yake daktari mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo.

"Dada Tausi, wewe ni mmoja na umeanza kuchoka. Nta inapungua. Nimepima choo cha Zamda, samahani, kwa ridhaa yake, na utumbo wake unaijua hii hamira tangu alipokuwa ananyonya kwako. Kijiko kimoja cha mbegu kutoka kwako, na kwake itashika. Sina shaka."

"Umempima choo mwanangu."

"Kwa ridhaa yake. Na huyu ni kijana, atatoa maradufu. Halafu siku akijaliwa kuzaa, akanyonyesha, tutakuwa na ukoo mzima! Bonde hili halitaogopa tena."

Alilisema kwa furaha ya kweli, kama mtu anayehesabu mitamba zizini. Tausi alimwona mwanawe juu ya meza ya bati, mkono umeinuliwa. Akamwona mjukuu ambaye hajazaliwa, naye anageuzwa kifudifudi.

"Zamda, twende nyumbani."

"Mama, mimi nimekubali."

"Hujui ulichokubali. Njoo hapa." Tausi akavuta shingo ya gauni lake, akainama mbele ya binti yake. "Nusa."

Zamda akanusa. Uso ukamkunjamana, mkono ukaenda mdomoni kabla hajauzuia. Akaushusha, na machozi yakamlengalenga.

"Baba akifa," alisema, "mimi ngozi safi nitaifanyia nini?"

Hilo ndilo jibu ambalo Tausi alikuwa akijipa yeye mwenyewe kila asubuhi. Alitoka, akaingia chumba cha matangi ambacho siku hizi kilikuwa kitupu, akafungua kabati la usafi. Mle vilikaa vidonge vya fangasi, vile ambavyo zamani vilipondwa na kumwagwa kwenye tangi lililoharibika ili kuua kila kilichomo. Wilaya nzima vilikuwa marufuku, maana hamira nayo ni fangasi; mtu akiwashwa na vidole vya miguu apake majivu. Akachukua kiganja kizima, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Akivimeza, hamira inakufa, na baada yake anakufa Mbaruku, na watu wengi anaowajua kwa majina. Asipovimeza, binti yake analala juu ya ile meza. Alizunguka na fundo lile kiunoni akitafuta njia ya tatu, na akadhani ameipata. Atawaambia. Watu wakijua wanachokula watakitema wenyewe, watapiga kelele mpaka kirusi kitafutiwe dawa, na Zamda hataguswa. Kinyaa chao kitamfanyia kazi yake.

Masikini Tausi. Aliwaheshimu mno binadamu wenzake.

*

Siku ya mgao foleni ilianzia mlango wa ghala la zamani la katani, ikapinda hadi barabarani. Kila mtu na kijiko chake. Daktari alikuwa mezani anapima vipande kwa mzani mdogo, Zamda amesimama kando yake, tayari amevalishwa koti jeupe. Mbaruku alikuwa karibu na mtungi wa maji, ameshika kipande chake kwenye kijiko, anaongea na jirani yao Mwalimu Shemdoe, mkuu wa shule mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyefundisha nusu ya bonde kusoma.

Tausi akapanda juu ya mzani mkubwa wa marobota.

"Jamani, nisikilizeni! Hiyo mnayokula haitoki kwenye matangi. Matangi yalikufa. Inatoka kwangu mimi."

Watu wakamtazama. Wengine wakacheka. Tausi akavua kanga ya juu, akakunja mikono ya gauni, akajikwangua kwa kucha kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, akawanyooshea. Jua lilikuwa kali, nta ikang'aa, ikaanza kudondoka. Harufu ikawafikia.

Daktari akasema, "Dada Tausi, tafadhali, shuka," na kwa sauti ile kila mtu akajua kuwa ni kweli.

Mwanamke mmoja akatapika juu ya viatu vyake. Vijiko viwili vitatu vikaanguka. Waliokuwa karibu na mzani wakarudi nyuma, wakijifuta mikono kwenye nguo, na mama mmoja aliyezoea kumkumbatia Tausi kila wakikutana sokoni akaficha viganja vyake kwapani. Tausi akaingiwa na matumaini. Chukieni, aliwaomba kimoyomoyo. Chukieni mpaka mwisho.

Halafu kutoka katikati ya foleni mwanamume akauliza, kwa adabu tu, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Kwani anaoga?"

"Anaoga kila siku," daktari akajibu haraka. "Na tunaichuja."

"Basi!" alisema mtu mwingine. "Mbona asali ni matapishi ya nyuki?"

"Na maziwa je? Yanatoka wapi?"

"Mie nina watoto wanne, ndugu zangu. Sina nafasi ya kuona kinyaa."

Yule mwanamke aliyetapika akapangusa midomo, akainama, akakiokota kijiko chake, akakifuta kwa upindo, akarudi mahali pake. Foleni ikajinyoosha tena, taratibu, mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama Tausi usoni. Walitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza alijua jinsi kuku wa kutaga anavyotazamwa.

Mwalimu Shemdoe akakohoa kusafisha koo.

"Daktari, samahani," alisema kwa kile Kiswahili chake kizuri. "Kama ni suala la usafi, je, mtu mwenye umri mdogo si angefaa zaidi? Nta ya kijana, nadhani, itakuwa laini, na haitakuwa na harufu hii." Akageuka kwa upole kumtazama Zamda ndani ya koti lake jeupe. Wote wakageuka. Mmoja akalamba midomo, pengine kwa sababu ya jua.

Tausi alikwisha kuona mengi yaliyomchefua mwaka ule, na mengi yalitoka mwilini mwake mwenyewe. Hakuna lililofikia sura za wale watu wema waliokuwa wanampima mwanawe kwa macho. Akafungua fundo la kanga. Vidonge vyote akavitia kinywani.

"Vidonge vya fangasi!" daktari akapiga kelele. Kiti kikaanguka. "Mzuieni! Ndiyo mbegu ya mwisho, akivimeza hakuna kitu tena, si kwake, si kwa yeyote! Mtapisheni!"

Foleni ikavunjika. Mikono ikamvuta kutoka juu ya mzani, na vidole vikatafuta midomo yake, vidole vya mafuta, vyenye chumvi, vinavyonuka yeye mwenyewe. Akauma kimoja. Zamda alikuwa anapiga mayowe, "Mwacheni! Mwacheni mama!" akiwavuta watu kwa nguo zao. Tausi alijaribu kumeza, akashindwa. Kinywa kilikuwa kikavu kama jivu, vidonge vimegeuka unga mchungu umemkaba kooni, na alijua kuwa akikohoa mara moja vitatoka vyote.

Ndipo watu wakampisha mtu. Alikuwa Mbaruku.

Wakampisha kwa sababu ni mume, na kwa sababu kila mmoja pale alijua hali ya moyo wake. Daktari akamshika bega, anahema.

"Mzee, wewe atakusikia. Mwambie avitoe. Bila hii humalizi kiangazi, unajua hivyo."

"Najua," alisema Mbaruku.

Akapiga magoti vumbini mbele ya mkewe. Tausi akakaza meno, akatikisa kichwa, machozi yanateremka juu ya nta. Alisubiri vidole vyake, vidole alivyovijua kuliko vyote, vije vimpanue taya. Aliapa moyoni kwamba hata hivyo angeviuma.

Mbaruku alikuwa ameshika kikombe cha bati, amekichota kwenye mtungi.

"Vidonge vikavu hukwama, mama Zamda," alisema. "Kunywa."

Akamshikia kisogo kwa kiganja, pale ambapo nta hutoka nyingi, akampa maji kama anavyopewa mgonjwa. Tausi akanywa. Funda la kwanza likapita kwa shida, la pili likapita vizuri, na donge lote likashuka. Nyuma yao mtu akaanza kulia kwa sauti, na Mwalimu Shemdoe akaketi chini polepole, kijiko mkononi.

Mbaruku akamtazama mkewe mpaka alipohakikisha kwamba amemeza. Maji yaliyobaki akayanywa yeye, kwenye kikombe kile kile, bila kukifuta.